Hodi ya Nne

Jamani, mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Nimelelewa katika kambi ya wakimbizi Tanzania nikiogopa askari, nikaogopa kipindupindu, nikaja ughaibuni, mji wa Buffalo, nikaogopa theluji. Lakini sijawahi kuogopa kama Jumanne ile ya Novemba 2014, na kilichoniogopesha ni neno moja tu: kwaheri.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Nilisomea uuguzi wa afya ya akili, ule wa ngazi ya juu, ambao ukiumaliza unampima mgonjwa mwenyewe na kumwandikia dawa mwenyewe. Warundi wenzangu wa mtaa wa Grant Street waliniita "Spés daktari wa vichaa," na tukikutana dukani walijifanya wanaongea peke yao ili niwatibu. Wajinga wale! Nilicheka nao, ningefanyaje?

Mazoezi yangu niliyafanya kwenye kliniki ndogo upande wa magharibi wa mji, chini ya Donna Wozniak, muuguzi mzoefu, mzaliwa wa hapo hapo, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza na moyo mweupe. Kiswahili hakujua hata neno. Kwa hiyo alipokuja Mama Gaudiosi, mjane wa Kirundi aliyemkataa kabisa mkalimani wa kwenye simu ("siwezi kumlilia mtu nisiyemwona uso"), mimi ndiye niliyeongea naye. Donna alikaa pembeni akisubiri nimtafsirie.

Mama Gaudiosi alikuwa amefiwa na mumewe, mzee Athanasi, na tangu hapo usingizi ulimkimbia. Donna alimpa dawa za kulala. Kila alipokuwa akiondoka tulikuwa na kawaida yetu. Yeye husema, "Kwaheri, mwanangu." Mimi hujibu, "Ya kuonana, Mama." Naye humalizia, "Ya kuonana, Mungu akipenda," ananifinya shavu kama mtoto wa chekechea, ndipo anatoka. Haikupita hata mara moja bila hivyo.

Jumanne ile alikuja amependeza, nywele amesuka, uso umetulia. Nikafurahi, mpumbavu mimi. Akasema amepona. Akasema kesho yake anahamia kwa binti yake Teopista, kule Westerville, nje kidogo ya mji wa Columbus, kwa hiyo tusihangaike kumpigia simu, tufunge tu jalada lake. Kisha akatoa kwenye mfuko kitenge kipya ambacho hakijaguswa na mkasi.

"Hiki utakivaa siku ya kuhitimu."

"Mama, siku hiyo si utakuja unifunge mwenyewe?"

Akatabasamu, akanisogezea. Donna alinikumbusha kwamba zawadi za wagonjwa haturuhusiwi kupokea. Mama Gaudiosi akakikunja vizuri, akakiacha juu ya kiti.

Sasa, kabla mgonjwa hajaondoka kuna swali la lazima. Shuleni walitufundisha tuliulize wazi, kwa neno lenyewe: unafikiria kujiua? Walisema kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Sawa, kwa Kiingereza hilo ni swali. Kwetu ni laana. Mtu wa umri wa mama yangu, niliyemwamkia shikamoo mlangoni, nimtamkie neno hilo usoni? Nyumbani ningezabwa kofi la kukumbukwa. Basi nikalizungusha.

"Mama, hujachoka na maisha?"

"Nani hajachoka, mwanangu?" Akacheka.

Na mimi nikacheka. Nikamgeukia Donna, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba amesema hapana.

Mama Gaudiosi akasimama. "Kwaheri, mwanangu."

"Ya kuonana, Mama."

Akaniangalia. Hakunifinya shavu. Aliliwekea kiganja, akakiacha hapo kidogo, kisha akatoka. Nilibaki nimesimama mlangoni nikiisubiri ile "ya kuonana" yake kama mtu anayesubiri chenji. Nilimfuata kwa macho mpaka kituo cha basi. Hakugeuka.

Nikamwambia Donna, "Hajasema ya kuonana."

"Watu huagana, Spés. Si anahama?"

"Hapana, hujanielewa! Kwaheri kavu hivyo ni ya maiti."

Donna akavua miwani. "Lile swali uliliulizaje?"

Nikamweleza. Nilitamani anigombeze, anifukuze, afanye chochote. Alisogeza tu simu upande wangu. "Mpigie binti yake. Uhai wa mtu ukiwa hatarini, hiyo si siri tena."

Teopista alipokea akiwa kazini ghalani, mashine zikinguruma nyuma yake. Nilijaribu kuongea taratibu. Nikamwuliza kama anamtegemea mama kesho.

"Mama? Mama si yuko Louisville kwa kaka Gaudiosi? Aliniaga wikendi, akaniambia anakwenda kukaa huko. Kwani kuna nini, dada? Dada, kuna nini?"

Nikaomba namba ya kaka yake, nikampigia huko Louisville, vidole vikikosea tarakimu.

"Kwangu? Hapana," Gaudiosi alisema. "Mama anahamia Columbus kwa Teopista. Aliniaga vizuri sana, akaniombea mpaka nikalia."

Nikaona giza. Louisville walijua yuko Columbus, Columbus walijua yuko Louisville, na sisi wa Buffalo tulishaambiwa tufunge jalada. Mama yule alikuwa amejitafutia mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja angemtafuta. Na mimi nilikuwa nimemfungulia mlango nikicheka.

Donna aliwapigia watu wa dharura. Walisema wanakuja, ila theluji imekwamisha magari. Donna akachukua funguo zake. "Kwake Black Rock si mbali. Vaa koti."

Njia nzima niliomba kwa Kirundi, nikaomba kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kiingereza. Nilijiona nimesimama mbele ya Teopista nikimweleza kwamba mama yake amekufa kwa sababu mimi niliona aibu. Kila taa nyekundu niliitukana. Donna aliendesha macho mbele, mikono imekaza usukani.

Nyumba ya Mama Gaudiosi ilikuwa ile ndogo waliyoinunua na mzee Athanasi, yenye baraza la mbao. Pazia limeshushwa. Kwenye theluji ya ngazini palikuwa na alama za viatu zinazoingia, zinazotoka hapana.

"Hodi!" niliita.

Kimya.

"Hodi, Mama!"

Kimya. Nikabisha kwa ngumi. "Hodi!"

Kwetu hodi ni tatu. Usipojibiwa, unaondoka, hutakiwi. Ukiendelea wewe ni mwizi au huna malezi. Nilisimama pale na malezi yangu yote, nimeziba mdomo kwa mkono. Donna alikuwa ameshaanza kuzunguka nyuma kutafuta dirisha. Nikasema potelea mbali.

"Hodi! Hodi, nasema! Mama Gaudiosi, hodi!"

Ndani kiti kikakwaruza sakafu. Sauti ikasema, nzito ya hasira, "Nani huyo asiyejua kwamba hodi ni tatu?"

Nikashika fremu ya mlango. Alifungua akiwa amevaa nguo zake za kanisani. Nyumba ilikuwa imefagiwa, makabati ya jikoni wazi, hayana sufuria hata moja, kama ya mtu aliyekwishagawa vitu vyake. Mezani palikuwa na jagi la maji, glasi iliyojazwa, na bakuli. Ndani ya bakuli zilikuwa dawa zetu. Hakuwahi kuzinywa, alikuwa akiziweka tu.

Donna aliingia nyuma yangu, akaliona bakuli, akakaa katikati ya Mama Gaudiosi na meza. Aliniangalia mimi. Nikajua anachosubiri.

"Mama," nikasema. "Unataka kujiua?"

"Hebu rudia."

"Unataka kujiua, Mama?"

"Nani amekufundisha kumwuliza mama yako namna hiyo?"

"Shule, Mama."

"Shule gani hiyo isiyo na adabu!" Alinyoosha kidole, kisha akakaa kitini ghafla. Akatazama sakafu safi. "Ndiyo," akasema. "Leo."

Nikapiga magoti, nikamshika mikono. Ilikuwa baridi.

"Alipoondoka Athanasi walinichukua Louisville," akasema. "Kisha Columbus. Kisha Louisville tena. Wanangu wanafanya kazi usiku, wakirudi wananikuta nimekaa. Wananipenda, si kwamba hawanipendi. Ila nasikia wakiongea kwenye simu: zamu yako, hapana zamu yako. Nikarudi hapa. Nimekuwa mzigo wa kupokezana, mwanangu. Nikaona niwatue."

Vitabu vyangu vyote vilinikimbia. Nililia tu, kamasi na yote, kichwa changu mapajani mwake. Na yeye, hebu fikiria, akanipapasa kichwa na kusema, "Basi, basi." Donna alikwishamwaga dawa kwenye mfuko wake wa koti. Nilimpigia Teopista, nikampa Mama Gaudiosi simu. Sijui binti alisema nini, maana alisema kwa kupiga kelele, lakini mama alisikiliza mpaka mwisho akiitika, "Ndiyo. Ndiyo. Nipo."

Gari la wagonjwa lilipofika aliogopa. Alinishika mkono wa koti. "Wataniita kichaa."

"Si mimi ndiye daktari wa vichaa? Nitawajibu."

Akatoa pumzi puani, kicheko kidogo. Alikubali kwenda mwenyewe kwa miguu yake. Walimpandisha, wakamfunga mkanda. Muuguzi wa gari akashika mlango, nikajua linalofuata.

"Kwaheri, mwanangu."

"Ya kuonana, Mama."

Alitazama dari la gari. Mlango mmoja ukafungwa. Nilisimama kwenye theluji nikifikiri, Mungu wangu, ataishi leo tu. Watamlinda wiki moja, watamtoa, na nitaanza tena kugonga.

"Wewe Spés!" aliita kutoka ndani. "Uji wa hospitali yao ni maji matupu. Kesho uniletee wa ulezi. Na sukari usijaze, nyinyi wa shule hamjui kupima."

Mlango wa pili ukafungwa, wakaondoka naye.

Donna aliniuliza amesema nini. Nilimwomba anipitishe Grant Street kabla maduka hayajafungwa, nikanunua unga wa ulezi.