Kisiwa cha Mtu Ambaye Hajafika

Hanad hawezi kushika kitu bila kukichokora. Amemleta Ayan kwa pikipiki kutoka Tarbaj, aandike visima kwenye ramani ya kaunti, na sasa tableti ya Ayan iko mkononi mwake. Anasukuma ramani kwa kidole, juu, juu zaidi, mpaka nchi zote zimeisha. Imebaki barafu na kisiwa kidogo kama punje ya mchele.

"Hapa nani anaishi, abaayo?" Hanad anauliza, akimwita dada kwa Kisomali.

"Hakuna mtu. Baridi tupu."

"Na hili jina?"

"La tajiri mmoja wa zamani. Yeye ndiye alinunua unga wa safari ya meli. Nahodha akaona kisiwa kwenye ukungu, akakipa jina lake."

"Tajiri mwenyewe alifika?"

"Hata siku moja."

"Yaani hata kukojoa hajakojoa hapo?"

Ayan akacheka mpaka mtandio ukateleza.

Hanad hakucheka. Kisima hiki walichokaa kando yake kilichimbwa na babake, Alio, kwa sururu na ndoo, miezi saba. Maji yalipotoka tu, ukuta ukamwangukia. Walimtoa hai, akafa siku ya tatu. Na huyu hapa Mzee Bare, mwenye jenereta ya kuvuta maji, ameshasema mara mbili: "Andika Kisima cha Bare. Mashine nimeleta mimi." Jina linaandikwa moja tu, na likishaingia limeingia.

"Kwenye hicho kisiwa," Hanad akauliza, "kama kungekuwa na watu?"

"Wangeulizwa wao."

"Basi hapa kuna watu. Uliza. Usiniulize mimi, wala mzee wetu, adeer Bare."

Bare akatema mate. "Shule imekushinda, leo unafundisha serikali kazi?"

"Adeer, humo ndani umeshuka mara ngapi?"

Mzee akageuka kutazama jenereta yake.

Ndipo Ebla akatokea na mbuzi wake, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuwa amesikia lolote. Ayan akamsalimia, akamuuliza anawapeleka wapi.

"Wapi tena? Kwa Alio. Hebu sogea, wana kiu."

Ayan akaandika. Hanad akainama begani kwake. Aliacha shule darasa la tano, lakini herufi hizo nne alizijua.

"Na mashine?" Bare akapaza sauti. "Andika basi mashine ni yangu!"

"Mashine haiandikwi kwenye ramani, adeer," Ayan akasema. " Iwashe tu, mbuzi wa watu wanakufa."