Usinizike Kabla Sijapigana

Daktari alimwambia Mama Vifungo, fundi wa kushona nguo, kwamba mlango mmoja wa moyo wake umekaza, haufunguki sawasawa. Asipopasuliwa, huenda asiumalize mwaka. Akipasuliwa, kwa umri ule wa miaka sabini na sita, huenda asiamke. Alishukuru, akafunga kitambaa chake vizuri kichwani, akauliza upasuaji ni lini.

Aliyepigwa na butwaa ni mdogo wake aliyemsindikiza. Alikuwa muuguzi katika wodi ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Aliwashika wengi mikono wakikata roho, na aliona wengine wakifa katikati ya mipira ya kupumulia na mashine, hata nafasi ya kuagana hawakupata. Kwake yeye, kufa kwa utulivu nyumbani ndiyo heshima ya mwisho.

Wakabishana wiki nzima chumbani kwa fundi, mdogo kwenye kigoda, mkubwa kwenye cherehani, mguu ukikanyaga bila kusimama. Watoto wa Mama Vifungo walipopigiwa simu, wakamuunga mkono mama yao mdogo: mama umri umekwenda, apumzike.

"Dada," mdogo alisema mwishowe, "siku za mtu zimehesabiwa."

"Zimehesabiwa, sawa. Hesabu yenyewe umeonyeshwa wewe?"

"Basi niambie unataka kuishi kwa ajili ya nini. Watoto umelea, wajukuu wamekua."

Mama Vifungo akakata uzi kwa meno. "Sina sababu kubwa. Napenda chai ya asubuhi. Napenda umbea wa wateja. Au mtu mzima mpaka aombe kibali cha kuishi?" Kisha akashusha sauti. "Nikishindwa, nishike mkono kama unavyowashika wenzangu, na hiyo mipira uikatae. Hilo nakuachia wewe. Lakini usinizike kabla sijapigana."

Muuguzi alilia. Alipomaliza kulia, akaanza kumpangia dada yake nguo za kwenda nazo hospitali.

Upasuaji ulichukua mchana kutwa. Moyo ulitengemaa, lakini bonge dogo la damu iliyoganda lilipanda kichwani, na mkono wa kushoto ukalegea, ule ule unaoongoza kitambaa. Muuguzi alipouona umelala juu ya shuka, alijua hili ndilo alilokuwa akiliogopa. Mama Vifungo aliutazama muda mrefu. Kesho yake aliomba kipande cha kitambaa, akaanza kukibana kwa kiwiko cha mkono huo huo.

Ilimchukua miezi. Alijifunza kukizuia kitambaa kwa pasi baridi na kukisukuma kwa kiwiko. Sindano ilimchoma, akaitukana, akaendelea. Wateja wengine walihama. Gauni la kwanza alimshonea mdogo wake, pindo likaenda upande kama mlevi anayerudi kwake. Muuguzi akalivaa kwenda kazini.

Siku hiyo wodini aliletwa dereva mstaafu wa malori. Zamani muuguzi angeanza na maneno ya kumtuliza. Safari hii alivuta kiti, akamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Mzee akasema amechoka, anataka kulala kwake, karibu na dirisha. Muuguzi akaenda kumtafutia gari la kumrudisha nyumbani.

Jioni alimsimulia dada yake. Mama Vifungo akasikiliza hadi mwisho, akasema huyo ameamua, na ni haki yake.

"Sasa vua hilo gauni," akaongeza, akivuta kiti cha cherehani. "Pindo nalirudia."