Wagombea Hutazama Ukuta

Nianze kwa kukiri: fundi cherehani wa pale sokoni nilimsingizia. Nilipita nikiwaambia watu kwamba siku ya uchaguzi alifanya kiherehere, akataka aonekane kuliko hata wagombea wenyewe. Kumbe nilisimama mbali, nikaona mgongo tu, mengine nikayajaza kwa mdomo wangu. Waliokuwa karibu wamenirekebisha. Basi ilikuwa hivi.

Fundi huyu ni mama wa makamo, mwembamba, tepu ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda kumuona mgonjwa. Kizimba chake kiko kwenye kona ambako bati limetoboka. Mvua ikinyesha haonekani akishona, anaonekana akihama: cherehani huku, vitambaa kule, mwenyewe kafungua mwavuli ndani ya kizimba kama anasubiri usafiri.

Mwenyekiti wa soko alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Watu walimwita Mchakato, maana umuulize choo, umuulize taa, umuulize mtaro, jibu lilikuwa lile lile: mchakato unaendelea. Mabati mapya yalipoletwa, ya bluu, watu walipiga makofi. Haukupita muda banda la kuku la Mchakato likaonekana limeezekwa bluu.

"Yale ni mabaki, shemeji," alimwambia fundi kwa upole.

"Mabaki ya nini, shemeji, na soko lenyewe halijaezekwa?"

"Mchakato unaendelea."

 Fundi alirudi kizimbani akapangusa kutu kwenye cherehani, akijua kwamba kuku wa shemeji yake wanalala pakavu.

Sasa, soko lile halipigi kura kwa karatasi. Walioanzisha utaratibu waliona karatasi inachezewa, lakini mwili wa muuza viazi hauingii mfukoni mwa mtu. Kwa hiyo wagombea wanasimama uso ukutani, kama watoto waliotiwa adabu, na wapiga kura wanajipanga nyuma ya wanayemtaka. Mgombea akigeuka kabla ya kuhesabu kwisha, amejitoa. Wapambe wanaweza kumnong'oneza baadaye, ni kweli, lakini mpambe ni mpambe, neno lake unaweza kulikana. La maana ni kwamba yeye mwenyewe hakukuona. Kesho mtasalimiana.

Asubuhi ya uchaguzi mumewe fundi, ambaye kaka yake ndiye aliyempa kazi ya kulinda geti la soko, alikuwa anafunga viatu huku akimtazama mkewe kwa jicho la pembeni.

"Leo usinitie aibu, mama."

"Aibu gani? Kura si siri?"

"Siri gani, na mtu amesimama mstarini mchana kweupe?"

"Kaka yako si atakuwa anatazama ukuta?"

"Atatazama."

"Basi mwache atazame. Wewe kalinde geti lako."

Aliyeshindana na Mchakato kwa uenyekiti alikuwa Mama Mayai, mwanamke mfupi mwenye sauti nene, ambaye ahadi yake ilikuwa moja tu: bati. Fundi alishaamua siku nyingi. Alichotaka ni kusimama kwenye mstari ule, ahesabiwe, arudi kushona.

Miaka yote wagombea walitazama ukuta wa stoo. Mwaka huu Mchakato alitangaza kwamba stoo imepakwa rangi, bado mbichi, itachafua watu, hivyo wahamie barazani kwa kinyozi. Hakuna aliyeshtuka. Kwa kinyozi pana nafasi, pana kivuli. Na kile kioo kikubwa kilichopigiliwa ukutani walikuwa wamekizoea, kila asubuhi wanapita wanachana nywele. Tatizo la kioo ni kwamba kila anayekitazama anajiona yeye, ndiyo maana haikumjia mtu hata mmoja kwamba kuna mwingine atakitumia kuwaona wote.

Wagombea wakapangwa. Mama Mayai alitazamana na bango la mitindo ya nywele, vichwa vitupu vya watu vikimtumbulia macho. Mchakato akasimama mbele ya kioo.

Afisa wa manispaa, kijana wa tai aliyekuja kusimamia, akatangaza: "Jipangeni. Nikipuliza filimbi, hakuna kuingia mstarini, hakuna kuhama."

Watu wakajipanga. Mstari wa Mama Mayai ukanenepa haraka mpaka ukapinda kuelekea kwenye nyanya. Fundi alikuwa karibu na mbele. Aliinua macho kurekebisha kilemba chake kwenye kioo, kama alivyozoea, na badala ya kilemba akakutana na macho ya shemeji yake.

Mchakato alimsalimia kwa kichwa, kwa adabu zote. Kisha macho yakahamia kwa aliye nyuma yake, naye akapewa salamu yake. Halafu wa nyuma ya huyo.

Muuza nyanya alikuwa wa kwanza kukatikiwa na kandambili. Aliinama kuishughulikia, akachechemea pembeni, na alipoinuka alikuwa mstari wa Mchakato. Mwingine akakumbuka jambo la kumwambia shangazi yake aliye upande ule. Mstari wa Mama Mayai ukaanza kuyeyuka, na mwenyewe, akitazama vichwa vyake vya bango, hakujua kinachoendelea.

"Shemeji!" fundi akaita. "Si mnatazama ukuta?"

"Natazama mbele, shemeji. Nifumbe macho nianguke?"

"Hicho ni kioo!"

Mchakato akaguna. "Afisa, kioo kiko wapi?"

Afisa akafikiri. "Kiko ukutani," akasema.

Watu wakacheka, kile kicheko cha mtu anayehama huku anacheka.

Fundi akatoka mstarini. Alikwenda kizimbani kwake, akarudi na pazia la mteja, zito, la maua, ambalo upindo wake haujamalizika. Akapanda juu ya stuli ya kinyozi, pini mdomoni, akalifunika kioo. Akajaribu kulibana. Lakini fremu ya kioo ilikuwa ya chuma, pini zikawa zinateleza tu. Kila alipoachia, pazia lilishuka na jicho la Mchakato likapanda. Mwishowe akalishika kwa mikono miwili, juu ya kichwa, akatulia hivyo.

"Unaniziba pumzi, shemeji," Mchakato akasema nyuma yake.

Fundi hakuweza kujibu, ana pini mdomoni.

"Haya. Mdogo wangu nitamsalimia jioni. Na kile kizimba tutakiongelea kifamilia."

 Pazia halikushuka.

Nyuma yao kandambili zikaanza kukatika upya, safari hii kuelekea upande wa pili. Muuza nyanya alirudi alikotoka akiwa anatazama juu, kama anayekagua hali ya hewa. Aliyekuwa na neno na shangazi yake alirudi naye, wamefuatana.  Mstari wa Mama Mayai ukajaa ukafika tena kwenye nyanya.

Fundi aligeuza shingo akaona nafasi yake. Haikuwa mbali. Akishuka na kukimbia angeiwahi, lakini pazia lingetangulia kufika chini. Alimtazama kinyozi, kinyozi akawa anapuliza nywele kwenye mashine yake. Alimtazama jirani yake wa kizimba, jirani naye yuko mstarini, na hakuna anayeacha mstari.

Filimbi ikalia.

Afisa akaanza kuhesabu kwa kumgusa kila mtu bega. Alimaliza upande wa Mchakato, akahamia wa Mama Mayai, akianzia nyuma kuja mbele, midomo ikicheza. Alipofika karibu na stuli, fundi akatema pini zote sakafuni.

"Afisa," akasema, kwa sauti ambayo shemeji yake aliisikia vizuri kuliko wote, "na mimi nihesabu. Niko kwa Mama Mayai."

Afisa akagusa bega lililokuwa mbele yake, kisha la mwisho, la fundi hakuligusa, akaanza kuandika.

"Afisa, mikono yangu unaiona iko wapi. Nihesabu na mimi, tafadhali."