Daftari la Lango

Kazi yangu ni kuwanyima waandishi raha. Ofisini wananiita Bi Ushahidi, na sijawahi kuona kama ni tusi. Muswada wowote unaogusa historia hauendi mtamboni kabla haujapita mezani kwangu. Nachukua penseli, napiga mstari chini ya kila sentensi inayodai kwamba jambo fulani lilitokea, kisha nabandika kikaratasi pembeni: limeandikwa wapi, na nani, ukurasa wa ngapi. Sentensi isiyo na kikaratasi naikata. Mwandishi akitaka kulia, alie, leso zinauzwa dukani.

Mwezi ule nilikuwa na riwaya ya mabinti wawili wa mfalme, mkubwa na mdogo, waliogombana wangali wasichana wakakaa miaka tisa bila kusemezana. Kurasa mia nne. Nilikuwa nimeshamnyang'anya mwandishi saa ya ukutani, kioo kirefu, farasi wanne na shamba zima la mahindi, kwa sababu enzi ile hakuna mtu katika ufalme ule aliyewahi kuona hindi. Ilibaki sura ya kumi na tisa, ambamo binti mkubwa anakata roho huku mdogo wake amemshika mkono.

Dada yangu alikuwa amezikwa wiki tano kabla. Nasema hivyo kavukavu kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa. Sikulia msibani. Mwili wote ulikuwa kama taya baada ya sindano ya daktari wa meno: unaligusa, unajua ni lako, lenyewe halina habari. Nilikula nilichopewa, nikaitikia pole za watu, na siku ya nne nikarudi kazini nikaendelea na ukurasa nilioishia.

Mimi na dada tulikuwa tumenuniana miaka kumi, na mchokozi nilikuwa mimi. Siku ya harusi ya binti yake alisimama mbele ya wageni akasimulia jinsi baba alivyombeba mabegani siku yake ya kwanza ya shule, mvua ikinyesha, ili asichafue soksi. Alisimulia vizuri, watu wakacheka, wengine wakafuta machozi. Mimi nikasema, tena kwa sauti, kwamba mwaka ule baba alikuwa machimboni, hakurudi hadi mwaka uliofuata, na kwamba aliyembeba alikuwa mjomba. Dada akanigeukia. "Nani alikuuliza?"

Na kweli hakuna aliyeniuliza. Kuanzia siku ile salamu zangu alizipokea kupitia kwa watu, nami zake vivyo hivyo, kila mmoja akimngoja mwenzake ashuke kwanza. Tulikuwa wakaidi wa tumbo moja.

Moyo ulipoanza kumsumbua akalazwa, binti yake alinipigia simu. "Mama mdogo, njoo." Nilikwenda. Penye mlango wa wodi kuna daftari la wageni. Niliandika jina langu, nikaandika "mdogo wake" kwenye nafasi ya uhusiano, nikaandika saa: nane na dakika kumi mchana. Kisha nikaketi kwenye benchi la korido. Chumba chake kilikuwa hatua sita tu kutoka pale. Nilimsikia ndani akizungumza na nesi, mara akaangua kicheko, kile kicheko chake cha kukwaruza, na nikajua kwamba nikiingia kitakatika. Nikakaa. Nikajiambia nitarudi kesho. Saa tisa kasoro robo niliinuka nikaondoka, na saa kumi dada alifariki.

Binti yake alikuwa amekwenda mjini kutafuta dawa ambayo hospitali haikuwa nayo. Aliporudi alikuta shuka limekwisha kuvutwa hadi juu. Alipoitwa kutia saini karatasi, akaliona jina langu kwenye daftari, akalipiga picha kwa simu. Msibani kila aliyeingia alionyeshwa ile picha. "Mama hakufa peke yake. Mama mdogo alikuwa naye." Watu wakanikumbatia, wakaniita dada wa kweli. Sikusema uongo hata neno moja. Nilinyamaza tu, ukajisema wenyewe.

Jumatatu ya wiki ile ya sura ya kumi na tisa, binti wa dada alinijia ofisini na karatasi iliyokunjwa mara nne. Yalikuwa maneno ya kuchongwa kwenye jiwe la kaburi la mama yake, na fundi alikuwa anayangoja Alhamisi. Jina, mwaka wa kuzaliwa, siku ya kufa, na chini kabisa: *Alifariki akiwa ameshikwa mkono na mdogo wake.*

"Hakiki, mama mdogo," akasema. "Kwenye jiwe hakuna kufuta."

Nikamwambia nitaipitia. Nikaitia mkobani, nikazunguka nayo siku mbili.

Jumatano mwandishi wa mabinti wa mfalme akaja mwenyewe, viatu vinang'aa, uso umekunjamana.

"Nasikia umeikata sura ya kumi na tisa."

"Nimekata ukurasa mmoja."

"Huo ukurasa ndio roho ya kitabu!"

"Kikaratasi chake kiko wapi?"

Hapo akatabasamu, maana alikuja amejiandaa. Akatandaza mezani nakala ya daftari la lango la ikulu ile ya zamani. Mlinzi wa lango hakuwa na mchezo. Kaandika wachota maji kwa idadi yao, kinyozi, mbuzi saba, mgonjwa wa jicho aliyeletwa kwa mganga. Na siku aliyokufa binti mkubwa kaandika: binti mdogo wa mfalme kaingia, jua likiwa utosini.

"Kaingia langoni," nikasema.

"Ndiyo."

"Mimi sikuulizi lango. Nakuuliza kitanda."

Akanikodolea macho. "Bi Ushahidi, miaka yote hii umekubali daftari la lango. Kitabu changu cha kwanza ulipitisha mapatano ya wafalme wawili kwa daftari hilihili. Mtu kaingia asubuhi, katoka jioni, ukasema basi, walionana."

"Nilikosea."

Nadhani hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwangu, kwa sababu alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. "Sasa huyu alikwenda kufanya nini? Kuhesabu matofali?"

"Watu huenda. Wanakaa nje. Wanaondoka."

"Nani huyo, dada yake yuko kufani?"

Nilichukua kichongeo nikachonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongoka. Yeye akaendelea, sasa kwa upole, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. "Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Msomaji kanifuata kurasa mia tatu na themanini, nami nimrudishe na kapu tupu? Hawa watu wamekufa zamani, dada yangu. Nikiwapatanisha, namuumiza nani?"

Lilikuwa swali la haki. Nililitafutia jibu kati ya vitabu vya rejea na sikulipata huko. Nilimfikiria binti mdogo, amekaa kwenye jiwe fulani uani, anasikia sauti za ndani, kisha anainuka anakung'uta nguo anarudi alikotoka. Nikaona jinsi ambavyo ukurasa ule mzuri ungempita bila kumgusa.

"Unamuumiza yeye," nikasema. "Kama alikaa nje, hilo ndilo alilolifanya. Ukimwingiza ndani kwa nguvu, hutakuwa umeandika habari zake. Utakuwa umeandika za mwanamke mwingine aliye bora kuliko yeye."

Alikusanya karatasi zake akapanda ghorofani kwa mkuu wa idara. Kabla ya saa ya chakula ukurasa ulikuwa umepitishwa. Daftari la lango lilimtosha mkuu. Sikubisha, na wala sikuona uchungu, nikafunga jalada nikaandika tarehe.

Jioni, jua lingali juu, nilikwenda kwa binti wa dada. Nilimkuta sebuleni anapiga pasi sare za shule za wanawe, amezipanga kochi zima. Akanionyesha kiti kwa kidevu. Nilibaki nimesimama. Nilitoa ile karatasi mkobani.

"Umeipitia?"

"Nimeipitia. Mstari wa mwisho si kweli. Sikuingia, mwanangu."

"Hukuingia wapi?"

"Chumbani kwa mama yako. Niliandika jina daftarini, nikakaa kwenye benchi, nikaondoka."

Akaisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani. "Ulikaa muda gani?"

"Dakika thelathini na tano."

Nilijiandaa kwa kelele. Ningezipokea, hata kofi ningelipokea. Yeye akasogeza sare akakaa ukingoni mwa kochi, akaanza kusema taratibu, macho sakafuni.

"Nesi alinisimulia. Alisema alipita mlangoni akaona jina lako, akaingia kumwambia mama, una mgeni, mdogo wako. Mama akacheka sana. Akasema, huyo amekuja kunisahihisha hata ugonjwa."

Kumbe kicheko kile kilikuwa changu.

"Akaomba akalishwe," akaendelea. "Akaomba kitana. Nesi alimchana nywele, akamfunga kitambaa kisafi. Akakaa anangoja. Ilipofika saa tisa akamwambia nesi, mwambie aingie, sitamgombeza."

"Nesi akatoka?"

"Aliitwa kitanda kingine kabla hajafika mlangoni, kulikuwa na mgonjwa ameanguka. Alichonisimulia kiliishia hapo. Mwisho wake niliuweka mimi mwenyewe. Jina lako lilikuwepo daftarini, ningefikiria nini kingine?"

Saa tisa nilikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya hospitali, nimesimama kituoni. Basi lilichelewa siku ile. Nilisimama pale hadi saa tisa na nusu nikiyatazama madirisha ya wodi, nikihesabu lipi ni lake. Nilimweleza na hilo pia, lote. Iliniuma. Wiki tano nzima sikuwa nimeumwa na kitu chochote, na sasa iliniuma mpaka nikashika kiti.

Hakuja kunishika. Wala hakunifukuza. Alikaa anaitazama karatasi yake, na jikoni wanawe waligombania kitu, wakapatana wenyewe.

"Fundi anangoja kesho," akasema hatimaye. "Nafuta mstari. Lakini niweke nini? Nikipaacha patupu itakuwa kana kwamba hakuwa na mtu."

"Andika kwamba alimwita mdogo wake."

Akainua uso. "Hivyo tu?"

"Ndicho tunachokijua."

"Watu watakaosoma watauliza kama ulikuja."

"Waache waulize. Mimi niko hai, nitawajibu."

Alitafuta kalamu katikati ya sare, akaipata, akaikandamiza karatasi juu ya goti. Aliandika polepole kwa herufi kubwa, kama zitakavyokuwa kwenye jiwe: *Alifariki saa kumi jioni, akimwita mdogo wake.* Kisha akaigeuza karatasi upande wangu ili nihakiki, kama ilivyo kazi yangu.

"Futa 'akimwita'," nikasema. "Alimwita saa tisa. Andika 'baada ya kumwita'."

Akafuta, akaandika tena, akanipa. Niliisoma mara mbili. Haikuwa na kosa.