Madoa Yasiyovuka Kifua

Mwanangu Solomoni ana madoa ya rangi ya chai, ubavu wa kushoto tu. Yakifika katikati ya kifua yanakoma, kama ng'ombe waliokuta uzio. Juu yake vimeota vinundu, na mwaka jana kimoja kilimlaza hospitali.

Basi mkewe, Silantoi, alipopata mimba, akawa kila akifua shati la mumewe analia, anaogopa mtoto atazaliwa hivyo hivyo. Mimi machozi ya bure yananikera. Nikawasindikiza mjini kwa daktari Pudensiana, binti wa Kichaga mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo mama," akasema. Akaeleza kwamba seli za ngozi zikiharibika, uharibifu hufa na ngozi hiyo. Mtoto hatoki kwenye ngozi, anatoka kwenye mbegu. "Lakini..."

"Hakuna cha lakini!" Nikavuta ndewe ya sikio langu. "Bibi alitobolewa, mama alitobolewa, na tundu langu hili linapitisha kidole gumba. Huyu Solomoni alizaliwa na tundu?"

Silantoi akacheka, mara ya kwanza tangu apate mimba. Moyo wangu ukatulia.

Daktari hakucheka. Akamalizia taratibu, akiniangalia mimi. Kama uharibifu ulitokea mapema, Solomoni akiwa bado kidonge cha damu tumboni mwangu, huenda uliingia kwenye ngozi na kwenye mbegu pia. Mtoto akiupata, kwake hautakuwa na mpaka. Mimi nilikuwa nimeshasimama, natafuta kanga yangu.

Mjukuu wangu Resiato akazaliwa hana hata doa. Nikatamba kwetu Elerai nzima, na ndewe yangu nikaionyesha kwa kila mtu.

Leo asubuhi namwogesha uani, jua limejaa kwenye beseni. Ubavuni naona doa la chai. Nasugua. Halitoki, linazidi kukolea, kana kwamba lilikuwa chini ya ngozi linangoja nilifungulie. Naona jingine kifuani. Jingine katikati kabisa. Jingine upande wa kulia.

Kitu hiki kilikaa tumboni mwangu, na mimi nilikuwa nakula nacho ugali sahani moja. Sikio la kufa halisikii dawa, hata likiwa na tundu.

"Yeyo, mama," Silantoi anaita kutoka ndani, "hujamaliza tu? Mtoto atapata baridi."

"Bado, mwanangu," namjibu, nikiendelea kusugua. "Ana tope kidogo."