Kiti cha Malachy

Kiti cha kando yangu kilikuwa na kadi ya jina: Malachy Geraghty. Mhudumu alikuja mara mbili kuuliza kama aondoe sahani. Nikamwambia aiache. Mwanamume mzima, kocha wa hurling, ule mchezo wetu wa fimbo na mpira, nimekaa katika hoteli ya Dublin nikilinda viazi vya mtu ambaye hayupo.

Ni kile chakula cha mchana cha kila Desemba, cha kumtangaza kocha bora wa mwaka. Meza zilijaa makocha wa kila mchezo, na kila mmoja amekuja na watu wake. Mimi sina mke. Nina kaka, na ndiye niliyemtaka pale, basi. Kwa miaka kumi na moja, kila jioni niliyokwenda uwanjani kuwafokea vijana wa timu yetu ya Kilcorrach na fimbo zao, yeye ndiye aliyebaki kukamua ng'ombe wetu arobaini na wawili. Hajawahi kulalamika. Hajawahi kusema lolote lingine pia. Tangu Mama afariki tunaweza kumaliza wiki nzima kwa maneno mawili, mvua na chai.

Nilimwalika. Barua ya mwaliko ilipofika nilimsomea palepale mezani.

"Kuna nafasi mbili," nilimwambia. "Twende."

"Mimi nikafanye nini huko? Na ng'ombe?"

"Dessie wa jirani atakamua."

"Dessie anakamua kama anagombana nao. Nenda tu, bwana."

Wiki moja baadaye nikamwuliza tena, akiwa anamenya yai.

"Mimi na watu wa tai wapi na wapi," alisema bila kuinua macho.

Nikasema haya. Asubuhi ya safari nilimsikia akitembea chumbani kwake juu, huku na huku. Nikaita kutoka chini ya ngazi kwamba naondoka. Nyayo zikasimama. Kisha akajibu, "Haya."

Basi, jina langu likatangazwa. Mshereheshaji alikuwa mtu wa maneno, akataka kuwachekesha watu kabla sijafika jukwaani.

"Wachezaji wake wamenipa siri," alisema. "Fintan Geraghty anakuambia jambo mara mbili. Ya tatu hakuambii, anakuonyesha benchi."

Ukumbi ukacheka. Nikacheka nami, mpaka nilipogeuka nikakiona kile kiti, na kicheko kikanikauka mdomoni.

Maana kwetu hakuna anayekubali kitu mara ya kwanza. Ukikaribishwa chai unasema hapana, umeshiba. Ukikaribishwa tena unasema usijisumbue. Ya tatu ndipo unavuta kiti, na chai ndiyo hasa uliyoijia. Anayeishia mara ya pili hajakaribisha mtu. Mama alitufundisha hayo kabla hatujajua kusoma, na Malachy bado ni mtoto wa Mama. Mimi ndiye niliyejifanya kocha mpaka jikoni kwetu.

Sikumbuki vizuri nilichosema pale juu. Niliwashukuru vijana. Nilimshukuru hata mama anayetukatia mikate baada ya mazoezi. Jina la Malachy sikulitaja, nikashuka nalo.

Niliondoka kabla ya vinywaji. Kombe lilikuwa la kioo, nikaliweka kwenye kiti cha abiria, na kwa kuwa gari halikuacha kupiga kengele nikalifunga mkanda. Kwa muda wa saa mbili njiani tulikaa hivyo, mimi na kioo, na sijawahi kujisikia mpweke kiasi kile.

Jirani yetu Dessie Quirke alikuwa langoni kwake, akanisimamisha.

"Hongera, kocha. Sasa niambie, mimi nimemkosea nini Malachy?"

"Kwani vipi?"

"Si alinipigia wiki mbili zilizopita, nije nikamue leo. Kanizungusha kwa ng'ombe mmojammoja, huyu anapiga teke, huyu anataka kuimbiwa. Nimekuja asubuhi, namkuta jikoni peke yake. Suti, tai, nywele kakata. Ananiambia rudi nyumbani, safari haipo."

Niliwasha gari nikaenda. Nyumbani, viatu vya Malachy vilikuwa jikoni juu ya gazeti, vimepigwa rangi vinang'aa.

Yeye nilimkuta kwenye banda la kukamulia. Kola ya shati jeupe, lile la harusi na mazishi, ilikuwa imechomoza juu ya ovaroli.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda."

"Vizuri. Chai ipo."

Nilisimama upande wa pili wa ng'ombe. Nilikuwa na mengi ya kusema, lakini lililotoka ni moja tu.

"Malachy, twende Dublin."

Akaacha kazi, mkono mgongoni mwa ng'ombe. Alinitazama kwa muda mrefu, kuliko siku yoyote tangu tumzike Mama.

"Haya," alisema. "Nitakuja."

Kisha akahamishia mashine kwa ng'ombe aliyefuata, nami nikabaki nimesimama kwenye samadi na suti yangu, sina pa kumpeleka.