Siyo ya Mheshimiwa Mwanamina

Upande wa chini wa delta hapakuwa na nyumba ambayo Mwanamina Mtoro hakuwahi kuingia na beseni la maji ya moto. Alikuwa muuguzi wa zahanati miaka kumi na tisa kabla hajawa mbunge. Siku alipogombea, wanawake walipanga foleni tangu alfajiri, wengine wamebeba mgongoni watoto aliowazalisha yeye. Hawakumwomba barabara wala kisima. Walimwambia neno moja tu: wakija kutuondoa mashambani, utusemee.

Muswada wa Ukanda wa Mikoko ulipoletwa bungeni mwezi wa Novemba, akasema. Muswada ule ulitaka kila aliyelima ndani ya mpaka mpya wa hifadhi aondoke katika miezi mitatu, na kijiji cha Mtundani, alikozaliwa Mwanamina, kilikuwa ndani ya mpaka chote, pamoja na mashamba yake ya mpunga na makaburi yake. Alipewa dakika tano. Aliwaeleza wabunge wenzake jinsi watu wa kule wanavyoishi juu ya madungu, vile vibanda vya miti vya kulindia mpunga, msimu mzima, wakiamia ndege mchana na kufukuza nguruwe usiku, akaomba miezi mitatu ifanywe miaka miwili. Kengele ikalia. Na kama wanavyomaliza karibu wote, kama alivyomaliza yeye kila hotuba tangu aapishwe, ulimi ukatangulia: "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja."

Alikuwa ameshakaa alipoyasikia maneno yake mwenyewe.

Jioni ile Spika akawahoji wabunge, wapige kura kwa sauti. Wanaoafiki waliposema Ndiyo, ukumbi ulitikisika. Wasioafiki walipoambiwa waseme, zilitoka sauti nne au tano huko nyuma. Mwanamina alikuwa ameinamia kalamu yake, ameibana kwa vidole viwili kama anapima homa. Hakusema Ndiyo. Hakusema Siyo. "Nafikiri walioafiki wameshinda," akasema Spika, meza zikagongwa, na jambo likaisha kwa muda usiotosha kunywa glasi ya maji.

Wiki mbili baadaye alikuwa Mtundani, mbele ya darasa lililojaa watu mpaka madirishani. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Angewaeleza habari ya kanuni, ya marekebisho yaliyokataliwa, ya rufaa inayoweza kukatwa. Kaka yake Sadallah, mwenyekiti wa kitongoji, alikaa kulia kwake, amevaa kanzu aliyoivaa Sikukuu ya Idi. Kabla Mwanamina hajafika popote na maelezo yake, Bi Kijakazi akasimama. Alikuwa mkongwe aliyezika wajukuu wawili na kulea sita, na alikuwa amezoea kuuliza kwa kifupi.

"Mwanangu, walipowauliza, wewe ulisema nini?"

Mwanamina akawatazama. Akaona tope lililokaukia miguuni mwao, maana walikuwa wametoka kutayarisha vitalu. Akamwona Tatu, aliyemzalisha mapacha ndani ya mtumbwi.

"Nilisema Siyo," akajibu.

Hawakushangilia. Walishusha pumzi wote kwa pamoja, kama watu waliotua mzigo. Kijana mmoja dirishani akashusha simu aliyokuwa akirekodia, akaitia mfukoni.

Video ile ilifika Kibiti kabla yake. Kufikia Ijumaa ilikuwa imeshafika Ikwiriri na Dar es Salaam, na vijana wa bodaboda walimpungia mkono wakimwita Mama Siyo. Watu wa Mtundani, waliokuwa wamesita kupanda kwa kuhofia kufukuzwa kabla ya mavuno, wakapandikiza mpunga. Walipanda hadi sehemu walizozilaza mwaka jana. Habari hizo aliletewa na Nasra, katibu wake wa ofisi ya Kibiti, akitabasamu. Mwanamina alijitahidi kutabasamu naye, akashindwa kumaliza chai yake.

Simu ya mnadhimu wa chama ilikuja Jumatatu, saa nne asubuhi. Mheshimiwa Twalibu alikuwa mtu wa adabu, asiyepandisha sauti. Aliuliza hali ya nyumbani, akauliza mvua, akauliza kama goti lake bado linamsumbua.

"Dada Mwanamina, ninayo Hansard hapa mezani. Umeunga mkono hoja, imeandikwa wazi. Halafu vijana wananionyesha video. Sasa nimekupigia unisaidie, niamini kipi?"

"Wananchi walikuwa na uchungu, Mheshimiwa. Nilitaka kuwatuliza."

"Naelewa. Umewatuliza sana, naambiwa wanapanda." Ikasikika karatasi ikigeuzwa. "Huyu mwenyekiti aliyekaa kulia kwako, Sadallah, mmezaliwa tumbo moja?"

"Ndiyo."

"Ana umri gani sasa?"

"Sitini na moja."

"Hee, bado ana nguvu. Mpe salamu zangu."

Simu ilipokatika Mwanamina alibaki ameishika sikioni. Hakuwahi kumtajia Twalibu kwamba ana kaka.

Barua ililetwa kesho yake na wanaume wawili waliokataa kukaa. Nasra aliwapa maji, wakayashika bila kuyanywa. Mmoja aliipiga picha ile ramani ya jimbo iliyobandikwa ukutani, mwingine akauliza boti za Mtundani huondoka saa ngapi Nyamisati. Kisha wakaaga vizuri. Barua ilikuwa taarifa fupi ya kusomwa mbele ya waandishi wa habari siku ya Jumamosi: kwamba Mheshimiwa Mwanamina Mtoro aliunga mkono sheria kwa hiari yake, kwamba hakuwahi kuipinga ndani wala nje ya Bunge, na kwamba anawataka wananchi waliomo ndani ya mpaka waondoke.

Aliisoma mara tatu akitafuta uongo. Isipokuwa neno lile la nje ya Bunge, hakuuona.

Alhamisi akashuka Nyamisati mwenyewe, bila msafara. Boti ilipoingia kwenye mkono mwembamba wa mto aliona miti ya mikoko iliyotiwa rangi nyekundu, mmoja kila baada ya hatua hamsini, na nguzo mpya za saruji zimechomekwa matopeni. Kwenye baadhi ya miti rangi ilikuwa bado inachuruzika. Hapakuonekana mtu aliyekuwa akiipaka.

"Walipita asubuhi," akasema nahodha. "Hawasalimii watu." Kisha akaongeza kwa furaha, "Lakini wewe uliwakatalia."

Sadallah alikuwa shambani, maji yakimfika vifundoni, akiziba pengo la miche iliyoliwa na kaa. Mwanamina alivua viatu akamfuata.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja peke yako?"

"Kaka, nina neno." Akalisema lote hapo hapo, amesimama kwenye maji: hotuba, kengele, naunga mkono hoja, kalamu, kimya, na barua anayotakiwa kuisoma Jumamosi. Sadallah aliendelea kupandikiza. Alitia miche minne, akajinyoosha.

"Kwa hiyo hukusema kitu."

"Sikusema."

"Na Jumamosi utasoma."

"Nikisoma, watu wataelewa, wataondoka mapema, hakuna atakayeumia. Nataka niwaambie mwenyewe leo hii, kabla hawajasikia redioni. Niitie mkutano."

Sadallah alinawa mikono kwa maji yale yale ya tope. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Mwanamina.

"Sikuitii," akasema. "Watu hawa walikuwa wanagombana, Mwanamina. Nusu walitaka kuhama, nusu kubaki, wengine walikuwa wameanza kuuza mabati yao. Tangu uliposema lile neno wamekuwa kitu kimoja. Wamemwandikia wakili, wametia sahihi watu mia mbili na kumi. Neno lako wanalihitaji kuliko wanavyokuhitaji wewe."

"Lakini si la kweli."

"Najua. Tunajua mimi na wewe." Akaokota kapu lake la miche. "Kasome barua yao. Mimi nitajua la kuwaambia."

Aliporudi kwenye boti, Tatu alimkimbilia na samaki wawili wabichi wamefungwa kwa kamba. Mwanamina aliwapokea, akashindwa kumtazama usoni.

Jumamosi akaisoma taarifa katika ukumbi mdogo Kibiti, mbele ya waandishi sita na wanaume wawili waliosimama mlangoni. Aliisoma polepole, kwa sauti aliyokuwa akiwasomea wagonjwa maelezo ya dawa. Mikono ilimtetemeka, hakuweza kuizuia. Mwandishi mmoja alimuuliza kama amelazimishwa. "Hapana," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa." Moyoni alijiona kama mtu aliyetapika sumu, dhaifu lakini salama.

Jioni ile ile Nasra alimletea simu. Video ya taarifa ilikuwa inazunguka, na kila aliyeituma alikuwa ameikuza mikono yake inavyotetemeka. Chini yake watu waliandika: wamemlazimisha. Mtazameni mlangoni, wako wawili. Pole Mama Siyo, tumekuelewa. Kutoka Mtundani ulikuja ujumbe wa sauti, wa Sadallah, akiwaambia wanakijiji kwa utulivu ule ule wa shambani: dada yangu alikuja kwangu Alhamisi, analia, akaniambia atapewa karatasi asome. Msimlaumu. Kaeni kwenye mashamba yenu.

Mwanamina alimpigia kaka yake mara tisa. Simu ilikuwa imezimwa.

Akampigia Twalibu, akamwomba waongezewe siku thelathini juu ya ile miezi mitatu, mpunga uzae tu. Twalibu alimsikiliza mpaka mwisho. "Umeshasoma taarifa, dada. Kwa upande wetu limekwisha," akasema. "Hawa wa kule sasa hawakusikilizi wewe wala sisi. Hilo si la chama tena."

Walikuja Jumanne ya mwisho ya Februari, mchana, maji yakiwa yamejaa. Boti saba ziliingia kwa mikono miwili ya mto, ili asiwepo wa kutoka. Waliokuwamo walifunika nyuso kwa vitambaa. Watu wa Mtundani walishuka ukingoni, wanawake mbele, wakakaa chini kwenye tope. Waliambiana wasirushe kitu, na hakuna aliyerusha. Walichokifanya ni kusema kwa pamoja lile neno, siyo, siyo, kwa sauti ya chini, kama watu walio kwenye dua. Madungu yaliangushwa kwa misumeno ya mashine. Mapaa yalitiwa moto kuanzia upande wa upepo. Tatu alivunjika mkono akitoa gunia la mbegu. Sadallah walimwita kwa jina, na alipoitika wakampandisha boti ya kwanza, ikaondoka kabla kazi haijaisha.

Siku kumi na moja Nasra alizunguka kila ofisi yenye kaunta akimtafuta, na hakuna aliyekuwa na jina hilo kwenye daftari lake. Siku ya kumi na mbili mwendesha bodaboda alimkuta Sadallah amekaa kando ya barabara, karibu na njia ya kwenda Mbwara, peku, amevaa shati lisilo lake. Mwanamina alimpeleka nyumbani kwake Kibiti, akamwosha vidonda mwenyewe. Alimuuliza mara moja tu alikokuwa. Sadallah akaomba uji. Tangu siku hiyo alikaa barazani amegeuzia mgongo geti, na gari lilipopita taratibu aliacha kutafuna mpaka lipotee.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, watu wa Mtundani walikuja. Walikuwa zaidi ya arobaini, na masufuria, magodoro yaliyoungua pembe, na watoto. Walikuwa wametembea kutoka Nyamisati. Mwanamina alipowaona getini alidhani wamekuja kumtoa roho, akamwambia Nasra awafungulie tu.

Bi Kijakazi alikuwa mbele. Aliingia uani, akaushika mkono wa Mwanamina kwa mikono yake yote miwili.

"Hatuna pa kwenda, mwanangu, tukasema twende kwa yule aliyetutetea. Katika watu wote wale, wewe peke yako."

"Shikamoo bibi. Karibuni, ingieni ndani." Barazani Sadallah alikuwa amegeuka, anamtazama. "Bibi, naomba unisikilize. Na nyote nisikilizeni. Ile siku ya kura mimi sikusema..."

Mkongwe alimfunika kinywa kwa kiganja, kwa upole, kama anavyozuiwa mtoto msikitini. Kiganja kilinuka moshi.

"Usiseme tena," akanong'ona. "Wasije wakakusikia. Sisi tunajua ulichosema."

Nyuma yake wengine walitikisa vichwa kukubali. Tatu, mkono umefungwa kwa kanga, alimpa ishara ya kidole midomoni. Mwanamina alimtazama kaka yake, akimwomba kwa macho asimame, aliseme yeye lile la kweli, awaambie watu wale. Sadallah aligeukia uji wake.

Basi akageuka. Akaanza kuwaonyesha wanawake mahali pa kuweka masufuria, watoto akawapeleka bombani. Nasra alikuja kutoka getini akitembea kasi, akamvuta pembeni.

"Mheshimiwa, kuna gari limesimama nje. Wanauliza wageni wetu wako wangapi, na wanataka majina."